Udi wangu ukiingia kwenye spika unalia kama bati, ninunue ikwalaiza?

mpigaudi_mkunazini

Asalaam alaykum jamani. Mie napiga udi kwenye kikundi chetu cha taarab hapa Unguja, tuko tisa, fidla mbili, kanuni, akodiani, dumbaki na waimbaji. Udi wenyewe hauna neno, nikikaa nao barazani usiku unanguruma mpaka unausikia kifuani. Shida inaanza ukiingia kwenye mitambo. Nimebandika pikapu ya piezo, kile kidude cha duara cha shaba, kwenye uso wa udi karibu na kibao kinachofungiwa nyuzi, waya unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye miksa kwa jeki. Sauti inayotoka nyembamba, kali, kama mtu anagonga bati kwa msumari, na ule uzito wa nyuzi nene wote hauko. Nikiongeza besi kwenye miksa spika zinaanza kuvuma vuuuuu mpaka waimbaji wanageuka kunitazama.

Harusi iliyopita nilianza taksimu, yaani kile kipande cha kupiga peke yangu, na mbele alikaa mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mpigaji hodari, nikamuona anainamisha kichwa anaangalia chini. Hakusema kitu lakini iliniuma sana, maana najua alichokuwa anasikia sicho nilichokuwa napiga.

Fundi mitambo wetu anasema tununue ikwalaiza, kile chombo cha kupandisha na kushusha besi, kati na juu, ya bendi 31. Hela tunachangishana, kwa hivo sitaki tukosee. Ni kweli ikwalaiza itatibu? Tuna harusi nyengine wiki mbili kutoka leo, uwanjani.

gitaa_la_kwaya

Waalaykum salaam ndugu. Mimi napiga gitaa la mbao kanisani, linakuja na priampu yake ndani (kikuza-sauti kidogo cha mwanzo) na vitufe vitatu, besi, kati na juu. Huwa nashusha kati kidogo, basi limetulia. Nadhani ikwalaiza itakusaidia, ila bendi 31 ni nyingi mno kwa mtu mmoja, tafuta ya bendi 7.

fundi_sauti_magomeni

Mkuu mpigaudi, subiri kwanza usitoe hela. Nimefanya kazi ya mitambo miaka mingi na hili tatizo nimekutana nalo kwenye udi, zeze, fidla, hadi marimba, na karibu kila mara watu wanakimbilia ikwalaiza wakati ugonjwa uko nyuma yake. Na ndugu wa kwaya hapo juu amesema jambo bila kulikusudia: gitaa lake LINA PRIAMPU NDANI. Ndiyo maana kwake ikwalaiza inafanya kazi. Wewe huna.

Sikiliza. Piezo ni kidude ambacho hakina nguvu ya kusukuma umeme, kinatoa volti lakini ukikiunganisha na kitu kinachonyonya kinazimia. Fikiria kisima ambacho chemchemi yake nyembamba halafu wewe unaweka pampu kubwa. Maji yapo, ladha yapo, lakini pampu inavuta kuliko chemchemi inavyotoa, unabaki na tope. Ingizo la laini la miksa huwa na impedansi, yaani ukinzani kwa umeme wa sauti, kama kiloohmu 10; ikiwa ndogo ndivyo ingizo linavyonyonya zaidi. Piezo inataka megaohmu 1 kwenda juu, yaani mara mia zaidi.

Na kinachopotea siyo sauti nzima, inapotea BESI. Hizo duara za milimita 27 zina kapasita ya nanofaradi kama 20 ndani yake. Ukiichomeka kwenye kiloohmu 10, hesabu inakupa kwamba kila kitu chini ya Hz 800 hivi kinaanza kushuka, na kadiri unavyoenda chini ndivyo kinavyozidi kuzama. Sasa angalia udi wako. Kama umeufunga kwa mtindo wa Kiarabu ulio wa kawaida, uzi mwembamba kabisa ni Do ya Hz 262 na ule mnene kabisa ni Do ya Hz 65. Maana yake nyuzi ZOTE zikipigwa wazi, noti yenyewe iko chini ya hiyo 800. Unachosikia kwenye spika ni mikwaruzo ya risha (kile unachopigia nyuzi) na vivuli vya juu vya noti. Ndiyo bati lako hilo.

Haya, ikwalaiza je? Kwenye Hz 80 umepoteza desibeli kama 20. Kitufe cha besi kwenye miksa nyingi kinaongeza 15, kwa hiyo hata ukikizungusha mpaka mwisho hujafika, na hapo umeshapandisha mngurumo wa umeme, mtetemo wa jukwaa na kila kinachovuma. Kitu ambacho hakijafika kwenye miksa huwezi kukiongeza, unaongeza takataka zilizofika badala yake. Ukipita kwenye priampu yenye ingizo la megaohmu 1, ile mipaka inashuka kutoka 800 mpaka Hz 8, besi yote inarudi bila kugusa kitufe chochote.

Jaribu leo kabla hujanunua kitu: azima pedali yoyote ya gitaa la umeme yenye bafa ndani (saketi inayozuia pikapu isinyonywe), hata ile ya kutyuni, au amplifaya ya gitaa, chomeka udi hapo kwanza. Maingizo ya gitaa mara nyingi yana megaohmu 1. Kama uzito umerudi, umeshapata jibu.

Angalizo moja, watu watakuambia DI boksi ya kawaida, kile kisanduku cha kuingizia chombo kwenye miksa, inatosha. Ile isiyotumia umeme ina transfoma ndani na ingizo lake ni kama kiloohmu 100 na ushee, afadhali kidogo lakini bado si yenyewe. Tafuta inayotumia umeme.

mpigaudi_mkunazini

Wallahi nimejaribu saa hii. Nimeazima pedali ya kutyuni kwa kijana wa gitaa, nikaichomeka kati, nikarudi kwenye miksa. Nimepiga ule uzi wa Do mara moja tu, nikasita. Ni udi wangu!! Bado una ukali fulani hivi kama wa puani na bado unavuma nikikaribia spika, lakini ni udi. Nashukuru sana mkuu. Sasa ikiwa pedali imefanya hivi, priampu ya kununua nitazame nini, na huo ukali wa puani unatolewaje?

baharini_mvita

Ndugu yangu wa Unguja, mimi ni mpigaji udi na kibangala (chombo cha nyuzi kama udi mdogo) hapa Mombasa, nikuongezee mawili matatu kabla hujafika kwa fundi.

Mahali pa kubandika ndipo penye nusu ya sauti. Udi si kama gitaa, hauna kile kipande cha mfupa chini ya nyuzi ambacho waeza kutilia pikapu ya utepe, kibao chetu kimegundishwa juu ya uso wenyewe, kwa hivyo hiyo duara ndiyo inayotufaa. Usiibandike mbele ya kibao pale risha inapopita, utasikia kucha na risha kuliko noti. Mimi huitia nyuma ya kibao, upande wa nyuzi nene, kidole kimoja hivi kutoka ukingoni. Tumia ule udongo wa kubandikia karatasi ukutani, na uubonyeze uwe mwembamba mno, ukiwa mnene unakula sauti za juu. Kisha sogeza. Kidole kimoja kushoto, piga. Kidole kimoja kulia, piga. Nilikaa jioni nzima hivyo nikapata pahali ambapo ule upua umepungua nusu bila kitufe chochote. Gundi kali usitie kamwe, siku ya kuitoa itatoka na mbao.

Na waya kutoka kwa duara hadi kwa priampu uwe mfupi, mita mbili tatu basi. Ukishatoka kwa priampu nenda mbali upendavyo.

fundi_sauti_magomeni

Amesema kweli wa Mvita, hiyo ya kusogeza kidole kimoja kimoja ifanyeni kabla ya kunifuata mimi.

Mpigaudi, priampu angalia vitu hivi: ingizo megaohmu 1 au zaidi, tokeo la XLR ili uende kwenye box la jukwaani kama maiki, kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), na kati inayoweza kusogezwa, yaani unachagua mwenyewe ni Hz ngapi unakata. Wapigaji wengi wa vyombo vya asili wanaisifu LR Baggs Para DI, ina ingizo la megaohmu 10, ikwalaiza ya bendi tano, na inakula betri ya volti 9 au fantomu ya volti 48, yaani umeme ambao miksa hupeleka kwa waya wa maiki. Siyo rahisi. Zipo za bei nafuu zinazofanya kazi ile ile ya msingi, muhimu ni hiyo megaohmu.

Ukiipata, fuata mpangilio huu na usiruke. Vitufe vyote vya ikwalaiza katikati, vya priampu na vya miksa. Piga kwa nguvu kama unavyopiga wimbo umechemka, pandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia) ya priampu mpaka taa nyekundu iguse, rudisha nyuma kidogo. Halafu geini ya miksa. Ndipo sasa ikwalaiza, na ikwalaiza kwenye chombo cha mbao ni KUKATA, kuongeza ni mara chache.

Kuvuma: udi ni bakuli kubwa la hewa, una noti zake ambazo tumbo lenyewe linapenda kutetemeka, spika ikizipiga tumbo linajibu, pikapu inasikia, spika inapiga tena. Huhitaji kukata besi yote, unatafuta hiyo noti moja. Weka sauti ya chini, ongeza kitufe cha kati desibeli kama 6, zungusha kile cha Hz polepole kuanzia 100 kwenda 300, kuna mahali utasikia udi unavimba ghafla. Hapo hapo, badala ya kuongeza, kata 6. Kisha bonyeza kitufe cha fezi uone upande upi unatulia zaidi, hakuna kanuni, inategemea umekaa wapi na spika iko wapi, hivyo kijaribu kila ukumbi.

Upua wa piezo unakaa sana kati ya Hz 1500 na 2500, kata 3 au 4 hapo. Usikate zaidi, udi utapotea chini ya akodiani.

Kitufe cha kukata besi kwenye miksa kinakata 80 au 100 kawaida. Kama uzi wako mnene ni Fa (Hz 87) bonyeza cha 80 bila wasiwasi. Kama ni Do ya 65, utaipunguza noti, amua kwa masikio.

Ukitumia fantomu, SHUSHA feda (kitufe cha kuteleza cha sauti) ya chaneli kabla ya kubonyeza, la sivyo ni bomu kwenye spika.

luthuli_solda

Habari zenu. Kwa mwenye hela kidogo, priampu ya piezo fundi yeyote wa redio anaweza kuiunganisha kwa solda kwa nusu siku. IC (chipu) moja TL072, rezista ya megaohmu 10 kwenye ingizo, kapasita chache na betri ya volti 9. Hapa Nairobi vipuri vyote unapata Luthuli Avenue, na Kariakoo nadhani hukosi. Haitakuwa na ikwalaiza lakini utatumia ya miksa, na sasa itafanya kazi kwa sababu besi imefika. Weka ndani ya kopo la chuma na uunganishe kopo na ardhi ya waya, plastiki itakuletea mngurumo. Hiyo duara pia ifunike na utepe wa shaba uliounganishwa na ardhi, kwa sababu uso wake mmoja uko wazi na unavuta umeme wa taa zote za ukumbi.

Na kama kuna mngurumo wa umeme bado, kuna watu hukata ile pini ya tatu ya plagi.

fundi_sauti_magomeni

Hapo kwenye pini naomba nisimame kabisa. Usikate pini ya ardhi ya plagi, wala usimruhusu mtu akate. Mwimbaji ameshika maiki ya chuma mkono mmoja na mkono mwingine kagusa kitu chenye umeme, ndiyo mwisho wake. Kitufe cha kutenganisha ardhi kiko kwenye DI na kwenye priampu nyingi, hicho kinakata ardhi ya waya wa SAUTI tu, hicho ndicho unabonyeza.

luthuli_solda

Sawa kabisa, nilimaanisha kuonya sikumalizia sentensi. Msikate.

mpigaudi_mkunazini

Asalaam alaykum tena, harusi imepita jana. Hatukununua ikwalaiza. Fundi wa redio hapa Darajani alinichomea ile ya TL072 ndani ya kopo la tumbaku, nikafanya kama alivyosema ndugu wa Mvita, nikasogeza duara mpaka likakaa nyuma ya kibao. Uwanjani tulifika saa kumi, watu hawajaja, nikatafuta ile noti inayovimba, kwangu ni kwenye 190 hivi, tukakata 6 kwenye miksa. Upua tukakata 3 kwenye 2000. Basi. Besi sikuigusa.

Taksimu ya kwanza nilipiga uzi mnene nikauacha ulie mpaka ukome wenyewe, na haukuvuma. Fundi mitambo wetu alinionesha kidole gumba kutoka kule nyuma ya miksa.

Swali la mwisho, fidla wetu naye ana pikapu imechomekwa kwenye daraja la fidla na analia kama nilivyokuwa nalia mie. Tunaweza kuingia wote wawili kwenye kopo moja kwa waya wa matawi mawili?

fundi_sauti_magomeni

Hongera sana mkuu. Hapana, msiunganishe, kila pikapu itampunguzia mwenzake nguvu na hamtaweza kurekebisha kila chombo peke yake. TL072 moja ina nusu mbili ndani na huenda fundi wako ametumia nusu moja tu. Kama ni hivyo, mwambie aongeze rezista nyingine ya megaohmu 10 na jeki ya pili kwenye hiyo nusu iliyobaki, tokeo liwe lake peke yake, fidla iingie chaneli yake.