Mawimbi ya ubongo, vidonge au mafunzo ya wazazi: kipi kwa mtoto mwenye ADHD?

Mama Nuru:
Wakuu, naomba ushauri. Tuko Columbus, Ohio. Binti yangu ana miaka 8, ameshapimwa, ni ADHD (tatizo la umakini na utulivu), ile ya kuzubaa zaidi kuliko kurukaruka. Daktari anashauri vidonge vya Ritalin. Kuna kliniki hapa jirani inanadi mazoezi ya mawimbi ya ubongo: vikao 40, zaidi ya dola 100 kila kimoja, bima haigusi. Baba yake hataki kusikia habari ya vidonge. Nani kapitia?

kobe_wa_lamu:
Sisi tulifanya tukiwa Ujerumani. Mtoto anabandikwa vitambuzi kichwani kwa jeli, anakaa mbele ya skrini. Mawimbi ya polepole (theta) yakipungua na ya kasi (beta) yakipanda, ndege inapaa, akizubaa inashuka. Mwanangu alipenda sana, na baada ya miezi kadhaa walimu wenyewe wakasema katulia. Siwezi kuyaponda. Jiandae tu na nywele: akiwa kasukwa twende kilioni huenda ukaambiwa ufumue, jeli lazima iguse ngozi.

Zamu ya Usiku:
Mama Nuru, utafiti mzito wa jambo hili ulifanyika huko huko kwenu, chuo kikuu cha Ohio State, pamoja na wenzao wa North Carolina. Watoto 144, miaka 7 hadi 10. Kundi moja lilipata mazoezi ya kweli. La pili lilikaa mbele ya skrini ile ile, ila mchezo uliendeshwa na mawimbi yaliyorekodiwa kwa mtoto mwingine. Si mzazi, si mwalimu, si mtoto aliyejua nani yuko kundi gani. Matokeo yalitoka 2020: makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ilikuwa sawasawa.

kobe_wa_lamu:
Kwa hiyo mwanangu alijifanya katulia?

Zamu ya Usiku:
Hapana kaka, alitulia kweli. Tunachobishania ni kilichomtuliza. Kila wiki mtoto anakaa kitako, mtu mzima anamsifu kila akimakinika, baba kaacha shughuli zake kumpeleka, na umri nao unasogea. Hayo yote watoto wa kundi la pili waliyapata pia. Tafiti 38 zilipokusanywa pamoja, watu karibu 2,500, wakaguzi wasiojua nani kapata nini hawakuona faida ya maana. Wanaoiona zaidi ni wale wanaojua.

Bin Juma:
Tusiyafanye uganga wa jana lakini. Miaka ya 60 mtafiti Barry Sterman, Los Angeles, aliwafundisha paka kutoa mawimbi fulani. Baadaye akawadunga kemikali ya mafuta ya roketi, na paka wale wakachelewa kupata degedege kuliko wenzao. Mwaka 1976 mtafiti mwingine, Joel Lubar wa Tennessee, akayapeleka mazoezi hayo kwa mtoto asiyetulia. Wazo lilikuwa na mzizi. Bei ndiyo imekimbia mbele ya ushahidi.

Ticha Tanga:
Mbona la tatu hamlitaji? Mafunzo ya wazazi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema chini ya miaka 6 hayo ndiyo ya kwanza, na kuanzia 6 yanaenda sambamba na dawa. Siyo mihadhara, ni mazoezi: agizo moja kwa wakati, unamwangalia usoni, akitimiza unamsifu papo hapo, siyo jioni. Huku darasani kwangu mashine hizo hatuna, ila dawati la mbele lipo na linasaidia.

Mama Nuru:
Ahsanteni. Baba Nuru kasoma yote hapa juu. Anauliza: akianza vidonge, hawezi kuviacha tena?

Zamu ya Usiku:
Mwambie shemeji kidonge hakikai mwilini. Kinaanza kazi ndani ya saa moja hivi, na kufika usiku kimeisha. Wengine hupumzika likizo, kwa makubaliano na daktari. Ushahidi wake ni mpana kuliko wa mawimbi, lakini kina usumbufu wake: hamu ya kula hushuka mchana, usingizi huchelewa. Mpe uji mzito kabla hajameza. Na daktari awe anapima uzito, urefu na presha, asipopima, muulize.

kobe_wa_lamu:
Na mkiamua kwenda kliniki, msilipie vikao vyote 40 kwa mkupuo. Sisi tulilipa kumi kumi.