Uzi maalumu: uliwahi kupeleka saa kwa fundi ikarudi siyo yako? Tupeane uzoefu

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Hili jambo lina wiki ya tatu limenikaa rohoni, nikaona nilete hapa, na wewe kama yalikukuta weka tusome.

Marehemu baba alikuwa na Seiko 5, aliletewa na shemeji yake aliyekuwa anaishi Muscat. Ni zile otomatiki, haina betri, kuna kipande cha chuma ndani kinazunguka ukitembea ndo kinakaza springi, ukiitikisa sikioni unakisikia. Kile kidirisha cha upande wa kulia tarehe ni namba za kawaida ila siku imeandikwa Kiarabu. Herufi zangu za kwanza za Kiarabu sikuzijulia madrasa, nilizijulia hapo, asubuhi mzee akishavaa ananinyooshea mkono anasema soma leo siku gani.

Ikaanza kuchelewa, karibu nusu saa kwa siku. Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja ana meza yake ya kioo barazani, akaweka lenzi jichoni akafungua akasema mafuta yamekauka, sevisi elfu 45. Nikaacha elfu 20. Risiti hamna, aliandika jina langu kwenye kikaratasi akakifunga kwenye mkanda na rababendi. Akasema Alhamisi. Alhamisi nimefika anasema njoo Jumatatu, Jumatatu mkewe anaumwa, nimeenda mara nne, ya nne nikaikuta inatembea nikafurahi mpaka nikamwongezea elfu 5 ya soda.

Nimekaa kwenye daladala naiangalia, mshale wa sekunde unaruka. Tik, tik, moja moja. Wa baba ulikuwa unateleza tu hauonekani ukisimama. Nikaitikisa sikioni, kimya. Nikaangalia kidirisha, FRI. Nikavuta kile kitufe cha pembeni nikazungusha siku, ikaja VIE, nikazungusha tena SAT, halafu SAB, Kiingereza na Kispaniola, nimezungusha wiki nzima Kiarabu hakuna. Nilishukia Buguruni nikageuza.

Fundi kwanza akaapa mashine ni ileile. Nilipomwonyesha siku ndo akasema ya zamani ilikuwa imekufa, amenisaidia kuniwekea mpya ya betri. Nikamuuliza iko wapi sasa, akasema ametupa. Pale chini ya meza ana kopo kubwa limejaa vyuma vya saa, nikamwomba nitafute, akakataa.

Saa inakwenda vizuri, sikatai, haipotezi hata dakika. Lakini wakuu angeniambia mapema kuwa imekufa ningeichukua ikiwa imekufa hivyo hivyo nikaiweka kabatini. Aliamua yeye badala yangu, afu akachukua hela ya sevisi ambayo hakuifanya.

#2

Pole sana mkuu, hiyo inauma. Ya kwangu ndogo, ni betri tu. Nililipia betri orijino elfu 6, mwezi wa pili saa ikazima, kuja kufunguliwa kwa fundi mwingine betri imevuja imekula mpaka saketi. Huyo wa pili ndo akanielimisha kwamba saizi ileile zipo mbili, kuna ya silva imeandikwa 377 volti 1.55 na kuna ya alkalini imeandikwa AG4 volti 1.5, bei zake ni mbingu na ardhi na hiyo ya alkalini ikiisha ukaisahau ndani inavuja. Niliuziwa ya bei rahisi kwa bei ya silva. Siku hizi kabla haijaingia naishika mkononi nasoma maandishi.

#3 (Tanga)

Mimi navua, saa yangu nyuma imeandikwa mita 200 na nimeingia nayo majini miaka sijaona tone. Nikabadilisha betri. Safari ya kwanza tu baharini naona mvuke ndani ya kioo, jioni mishale imesimama. Ile raba nyembamba inayokaa chini ya kifuniko fundi aliibana vibaya ikakatika, na ukiangalia unaona kabisa ilipokatikia. Nilipomrudia anasema nani kakwambia uingie nayo kwenye maji. Yaani mpaka leo nikikumbuka lile jibu nachukia.

#4 (Mombasa)

Mimi nilipeleka ya mume wangu kupunguzwa mkanda, vipande viwili vilivyotolewa sikurudishiwa, sikujua kama vinahitajika. Mwaka uliofuata amenenepa kidogo mkanda haufungi, na vipande vya kufanana hakuna Mombasa yote. Dada zangu ombeni vipande vyenu, ni vyenu.

#5

Nimesoma zote nikaona nisikae kimya maana mimi ni fundi saa, hii kazi nilifundishwa na baba mdogo. Mleta uzi pole. Ni kweli mashine za zamani spea zinasumbua, na ya betri unaipata bei ndogo unaifunga dakika 20, kwa hiyo wengi wanakimbilia huko. Lakini kubadilisha bila kumwambia mwenye saa huo ni wizi, mimi siutafutii jina lingine, na unatuharibia sote.

Angalia kifuniko cha nyuma kwa nje. Seiko wanaandika namba, nne za kwanza kabla ya kistari ndo mashine iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa 7009 au 7S26 hizo ni otomatiki, basi huyo bwana hana la kubisha. Na siku nyingine mwambie fundi afungue mbele yako, piga picha ya mashine na simu, fundi mkweli hakasiriki.

#6 Mleta uzi

Wakuu mrejesho. Mkuu #5 nimeangalia, imeandikwa 7009. Leo asubuhi nimeenda na kaka yangu, nikamwonyesha ile namba taratibu bila ugomvi. Akakaa kimya mda mrefu, afu akalivuta lile kopo akalimwaga juu ya gazeti. Tumetafuta zaidi ya saa nzima. Mashine haipo, nadhani ilishafunguliwa ikauzwa vipande vipande. Ila nimepata kisahani cha siku, chembamba kama karatasi, maandishi ya Kiarabu yamezunguka pembeni, na kwenye Jumatano rangi imebanduka kidogo juu kama ilivyokuwa tangu nikiwa mdogo. Hela amerudisha elfu 30, nimezipokea.

#7 (fundi wa #5)

Mkuu usikipoteze hicho kisahani, kifunge kwenye karatasi laini usikikunje. Mashine za 7009 zilizotumika bado zinapatikana, ukipata moja nzima kisahani chako kinakaa juu yake bila shida. Mimi ninayo moja hapa inahitaji kusafishwa tu. Njoo na saa, tutafungua ukiwa umekaa pembeni.

#8 Mleta uzi

Nimekutumia meseji mkuu. Jumamosi nakuja, na mama amesema anakuja pia.