Kushona mfuko wa kukunja wa vitu vidogo vya ususi, nianzie wapi?

msusi_kondele: Habari zenu wadau. Mimi ni msusi hapa Kisumu na kazi yangu ni ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, sasa chanuo, mkasi, ndoano ya kroshe, raba bendi na pini zote zinakaa kwa handibegi moja na mteja akishakaa ndio naanza kuchakura. Nataka kushona kamfuko ka kukunja kenye vijimfuko ndani, niko na cherehani ya mkono ya nyanya. Kitambaa ninunue kiasi gani, na chanuo la mkia mrefu nalo litaingia aje?

fundi_wa_kitenge: Dada, kitenge nusu mita kinatosha, ata laining, yaani kitambaa cha ndani, inatoka hapo hapo. Lakini kwanza ukifue na ukipige pasi, ju pamba hurudi. Kata vipande viwili vya 47 kwa 38 sentimita, kimoja cha nje na kingine laining, alafu cha tatu 47 kwa 32 cha vijimfuko. Hicho cha tatu kikunje katikati kiwe 47 kwa 16, hapo mdomo wa vijimfuko unakuja umefungwa tayari hauhitaji pindo. Kilaze juu ya laining, zile pande zenye kingo zikae chini. Sasa kabla ya kushika cherehani panga vitu vyako juu yake na uchore na chaki katikati ya kila kimoja na kingine, usigawe sawa sawa, chanuo la mkia linataka kama 4 na mkasi unataka 9 hivi. Shona mistari hiyo yote SASA, na kwa mdomo rudisha stichi mara mbili, hapo ndio hupasuka kwanza.

Ukimaliza weka ile nje na laining zitazamane pande nzuri, kamba ya kufungia uikunje katikati uifiche ndani pembeni, shona sentimita moja kutoka ukingo uzunguke kote uache nafasi ya mkono kule juu. Punguza pembe, pindua, piga pasi, alafu pitisha stichi ya juu kote. Chanuo litachomoza juu ya kijimfuko na sehemu iliyobaki unaikunja ilifunike, hakuna kitu kitamwagika.

mama_wa_nakuru: Mi naongezea tu, raba bendi na pini zinavimba, kwa hivyo kipande cha vijimfuko kikate upana 55 badala ya 47 na ile ziada uitie marinda madogo chini ya vijimfuko vya vitu vinene. Hapo nunua sentimita 60. Na stifu, kile kitambaa kigumu cha kukazia, usiweke jameni, itakataa kukunjika.

msusi_kondele: Asanteni sana! Na nikitumia jinzi ya mitumba kwa nje? Soko la Kibuye Jumapili suruali zinakuwa nyingi na nahisi itadumu kuliko kitenge.

fundi_wa_kitenge: Inadumu sana, na kwa mtu wa kuzunguka kama wewe ningechagua hiyo. Nje tu lakini, laining na vijimfuko viache kitenge. Weka sindano namba 16, stichi ziwe ndefu kidogo, na ukifika penye kamba zungusha gurudumu polepole, usilazimishe, hapo ndio sindano huvunjika. Ule mshono mnene wa pembeni ya mguu ukate uutoe, utumie kitambaa cha katikati.