Dkt. House: ni yeye tunayempenda, au ni Hugh Laurie?

Nesi wa Zamu (Busia)

Habari zenu jamani. Naomba mnisaidie kuamua ugomvi wa hapa nyumbani.

Mdogo wangu wa kiume amepakiwa misimu yote minane ya House, ile tamthilia ya Kimarekani ya daktari mkorofi anayechezwa na Hugh Laurie, kwenye flashi na yule kijana wa filamu pale karibu na stendi, kwa hiyo jioni kabla sijaingia zamu tunakaa tunaiangalia upya. Ilianza 2004 ikaisha 2012, basi asije mtu hapa kunisema kwamba nimemfichulia mwisho.

Mimi ni nesi. Daktari anayemwita mgonjwa mwongo mbele ya mkewe, anayetuma vijana wake wakavunje mlango wa mgonjwa wapekue makabati, anayetafuna vidonge korido nzima kama njugu, huyo akiletwa wodini kwangu namwandikia barua kwa mganga mkuu siku hiyo hiyo. Lakini akitokea kwenye skrini na ile fimbo, shati halijaona pasi, ndevu za siku tatu, najikuta natabasamu. Mdogo wangu anasema ni kwa sababu ana akili. Nakataa. Wenye akili na kiburi ninao wa kutosha kazini na hakuna hata mmoja ninayemtamani arudi kesho.

Mimi nasema ni Hugh Laurie. Maneno yale yale mpe mwigizaji mwingine, mkali wa sura na sauti, tungeshamchoka House kabla msimu wa kwanza haujafika katikati. Mnaonaje?

Halafu nina dukuduku la kikazi. Manesi wa hospitali ile wako wapi? Foreman anatoa damu, Chase anaendesha MRI, Cameron anatundika dripu. Madaktari bingwa watatu, mgonjwa mmoja! Namkumbuka Brenda wa mwanzoni na yule Jeffrey wa baadaye, wengine wanapita nyuma tu wamebeba mafaili. Hapa kwetu watu wamepanga foleni hadi nje na madaftari yao ya matibabu mkononi, daktari ni mmoja, na damu natoa mimi.

Afande Mstaafu (Jinja)

Sista, salamu. Mimi sizungumzii akili, nazungumzia mguu, maana huo ninao.

Paja langu la kulia liliharibika kwenye ajali ya lori, na kitu cha kwanza nilichofundishwa na mtu wa mazoezi ya viungo ni kwamba fimbo hukaa mkono wa upande mzima. Mguu mbovu wa kulia, fimbo mkono wa kushoto. House anaishika kulia, upande ule ule wa mguu mbovu. Mara ya kwanza nilikasirika nikasema hawa watu hawakumuuliza hata kiwete mmoja. Baadaye nikaona inamfaa. Mtu kama yule angemsikiliza nani? Angeambiwa kushoto, angeshika kulia makusudi.

Ukitaka kujua kama mwigizaji anachechemea kweli au anadanganya, usimwangalie anapotembea. Mwangalie anapoinuka kwenye kiti na anapogeuka ghafla kumjibu mtu. Wengi hapo husahau. Laurie, huyu Mwingereza, miguu yake yote miwili mizima, lakini mkono unatangulia pajani kabla hajasimama. Mimi hufanya hivyo hivyo, na sikujua kama nafanya mpaka mke wangu aliponionyesha kwa Laurie.

Kaka wa Ntinda

Nesi yuko sahihi, na sababu ni hii: Laurie ni mchekeshaji. Wamarekani wengi hawakumjua, lakini Uingereza alikuwa ameshachekesha watu miaka mingi, alianza chuoni Cambridge pamoja na Stephen Fry. Amecheza na Rowan Atkinson, yule mnayemwita Mista Bean. Na watoto wenu wamemwona bila kujua, ndiye baba wa yule panya Stuart Little.

Alivyoipata kazi yenyewe ni hadithi. Alikuwa Namibia akirekodi filamu nyingine, akajirekodi usaili wake ndani ya choo cha hoteli kwa sababu hapo tu ndipo palipokuwa na mwanga wa kutosha. Ndevu hakunyoa. Kanda ilipofika Marekani, Bryan Singer, aliyeongoza kipindi cha kwanza, akaisifu akisema huyu ndiye Mmarekani niliyekuwa namtafuta. Mzaliwa wa Oxford!

Tena baba yake alikuwa daktari kweli. Ran Laurie alifanya kazi ya utawala wa kikoloni hapo jirani Sudan, akarudi akashinda dhahabu ya kupiga makasia Olimpiki ya London 1948, ndipo akasomea udaktari. Na mwenzake ndani ya mtumbwi ule, ambaye naye alikuwa Sudan, aliitwa Wilson, kama yule rafiki wa House. Hilo sijui nilifanyie nini ila nimeona lisipite hivi hivi.

Ninachotaka kusema ni hiki: mchekeshaji anajua kungoja. House akimtukana mgonjwa, Laurie haitupi kauli mara moja. Anaangalia chini, anazungusha fimbo, anakuacha umtangulie kidogo, halafu anaiangusha. Unacheka kabla hujakumbuka kwamba ni tusi. Ameteuliwa tuzo ya Emmy mara sita kwa kazi hii, hajapewa hata moja. Golden Globe angalau walimpa, 2006 na 2007.

Nesi wa Zamu (Busia)

Afande, asante, hilo la mkono pajani nitaliangalia leo.

Kaka wa Ntinda, umenisaidia lakini si vicheko peke yake. Mnakumbuka kile kipindi cha msimu wa kwanza Cuddy, bosi wake House, anapomwekea dau akae wiki nzima bila vidonge, zawadi yake mwezi mzima bila kuhudumia wagonjwa wa nje? Katikati ya wiki, maumivu yamezidi, House anachukua mchi wa kutwangia dawa na kujiponda vidole vya mkono. Makusudi. Ili mwili upate maumivu mengine ya kushughulikia, usahau paja.

Mdogo wangu aligeuza uso. Mimi sikugeuza kwa sababu hiyo hali naijua. Nimeona mtu akijiuma mkono mpaka alama za meno zinabaki, saratani imeingia kwenye mfupa, na ndugu zake wamesimama mlangoni wakisema anajidekeza. Laurie hapigi kelele pale. Anatoa pumzi. Sura inalegea, kama mtu aliyepata nafuu! Hicho si kichekesho, na sijui alikitoa wapi.

Tamthilia hii inadanganya karibu kila kitu kuhusu hospitali. Vile vidonge vyake, Vicodin, si dawa ya kulevya peke yake, ndani mna paracetamol, na zama zile kidonge kimoja kingeweza kuwa na miligramu 500. Mtu mzima haruhusiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane. Jinsi anavyovimeza yule, ini lingekufa kabla Cameron hajamaliza kumpenda. Lakini kuhusu maumivu haidanganyi. Kumbukeni mguu uliharibikaje: mshipa wa damu uliziba, msuli wa paja ukawa unakufa, na alipofika hospitali akilia madaktari wakadhani ni mlevi anayetafuta dawa. Hakuaminiwa. Mimi nikimwona anawaambia watu "wote mnadanganya" nasikia mtu aliyeitwa mwongo siku alipokuwa anasema kweli.

Na hapo ndipo najivunia kwetu kidogo. Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 na mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Unga unachanganywa na maji hapa hapa nchini, unatiwa rangi kuonyesha nguvu yake, mgonjwa anakunywa nyumbani kwenye kochi lake. Tangu 2004 sheria inaturuhusu manesi na matabibu tuliosomea tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa asiyepona, kuiandika wenyewe bila kungoja daktari. Ile chupa yenye rangi ya kijani ndiyo ya nguvu ndogo, na nimeona mzee akinywa, akalala, akaamka akaomba uji. House angekuwa Busia angekuwa na nesi wa kumpimia dozi kwa saa, si kidonge kila anapochukia.

Mwana wa Arua

Musawo, umeandika vizuri, na mimi nina neno kuhusu "inadanganya karibu kila kitu".

Kuna kipindi cha msimu wa kwanza, mwanamke analala, si usingizi wa kawaida, haamki. Wanahangaika, wanaandika kwenye ule ubao, mwisho House anasema ni malale. Mwanamke hajawahi kufika Afrika, mume hajawahi. Basi imeletwa na mwanamume mwingine aliyefika. Na dawa yenyewe, melarsoprol, ina aseniki ndani, inaweza kumuua, kwa hiyo mume akikubali mkewe atibiwe anakubali pia kwamba mkewe ana hawara. Hapo House amesimama anamtazama mume na wala hamhurumii. Ukatili, lakini huwezi kuondoa macho.

Sasa sisi hapa nyumbani tuliangalia tukacheka mpaka baba akaja kuuliza kuna nini. Kule ni ugonjwa wa kushangaza, kete ya mwisho ya daktari mwenye akili. Hapa ni ndorobo. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, ya kwetu huku West Nile na ile ya Busoga. Ile ya Busoga mwanzoni mwa karne iliyopita iliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya ziwa. Huku kwetu ukienda mtoni utaona vile vitambaa vidogo vya buluu vimesimamishwa kwenye vijiti ukingoni, ndorobo anavutwa na rangi, anagusa wavu wenye sumu, anakufa. Mtoto yeyote anajua visiguswe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kwamba aina ya kwetu si tena tatizo la afya ya jamii Uganda. Siku hizi kuna hata dawa ya vidonge, fexinidazole, mtu hachomwi tena aseniki kwenye mshipa.

Waliofanya hiyo kazi walitembea kwa miguu na vitambaa begani na hakuna aliyewatengenezea tamthilia.

Binti Kisenyi

Mnanichekesha nyote. Nyinyi mnaongea mguu na ndorobo, hamtaki kufika mwisho wa msimu wa saba.

Cuddy amemwacha. Yuko nyumbani kwake mezani na wageni. House anakuja na gari analipitisha ukutani mpaka kwenye chumba cha kulia chakula. Angekuwa fundi wa gereji hapa Kisenyi aliyefanya hivyo kwa mwanamke aliyemkataa, ni nani kati yenu angeandika kurasa kuhusu maumivu yake? Tungesema afungwe, na jirani wangekuwa wameshamwadhibu kabla polisi hawajafika.

Na angalieni tamthilia yenyewe ilivyofanya. Lisa Edelstein aliondoka baada ya msimu ule. Msimu wa nane House anaanzia gerezani, anatoka, anarudishiwa kazi, na Cuddy hayupo kusema hata neno. Ni rahisi kumsamehe mtu wakati aliyekosewa hana kiti chumbani. Kisha wanatupa Wilson mwenye saratani, House anajifanya amekufa ili aepuke kurudi jela na awe na rafiki yake miezi iliyobaki, wanaondoka kwa pikipiki, sote tunalia. Mimi pia nililia. Lakini nilijua nimeibiwa.

Kaka wa Ntinda

Binti, hilo ni kosa la waandishi, si la Laurie.

Binti Kisenyi

Kaka yangu, ndiye aliyeshika usukani.

Nesi wa Zamu (Busia)

Tumefika hapo jana, ndiyo maana sikuandika mapema.

Kumbukeni kilicho mkononi mwa House. Anashuka kwenye gari, vumbi limejaa, matofali chini, anapita na kumpa Cuddy brashi yake ya nywele aliyoisahau kwake. Eti amekuja kurudisha brashi. Na anatabasamu. Nikatazama lile tabasamu nikaona ni lile lile la siku zote, la kila kichekesho tangu msimu wa kwanza. Hakubadilisha chochote, wala mdomo, wala macho. Mwigizaji wa kawaida angetuwekea sura ya wazimu ili tujue sasa mambo ni mabaya. Laurie ametunyima hiyo. Uzuri uliokuwa unanichekesha ndio huo huo uliopitisha gari ukutani.

Kwa hiyo Kaka wa Ntinda, mimi nasema alijua alichokuwa anafanya. Na Binti, House sijamsamehe. Ila huyo mwanamume wa Oxford nitamwangalia hata akisoma taarifa ya hali ya hewa.

Naingia zamu, tutaonana asubuhi.

Mdogo Mtu (Busia)

Mimi ndiye mwenye flashi. Dada hajawaambia kwamba pale kwenye brashi alinyakua rimoti akarudisha nyuma, akaganda, chai ikapoa. Bado nasema ni akili. Na msimu wa nane usianze bila mimi, leo natoka kazini saa moja.