Nimepata chenga kama za dhahabu kijitoni, mwenzangu anataka tuchimbe mlimani. Nisaidieni

Wakuu, heshima kwenu. Mchanga wa kijito kinachoshuka mlimani nimeuosha kwa karai mara kadhaa, na kila mara zinabaki chenga tatu nne za njano kwenye mchanga mweusi. Juu kuna mkanda mkubwa wa mawe meupe ya kwatzi. Mwenzangu anataka tuanze kuchimba pale pale. Mimi nasita.

JichoLaMwamba: Una hakika ni dhahabu? Bonyeza kwa sindano: dhahabu inabonyea, pairaiti (madini ya njano yanayofanana nayo) inavunjika. Wengi wamelizwa hapo.

Mtoa mada: Imebonyea mkuu.

BabuKarai: Basi mwenzako aweke sururu chini. Ukubwa wa mkanda si hoja, kwatzi nyingi ni tupu. Milima inapojikunja, maji ya moto ya nyuzi 200 mpaka 400 na zaidi hupanda kutoka kilomita kadhaa chini kupitia nyufa, yamebeba dhahabu iliyoshikana na salfa. Ufa ukipasuka shinikizo hushuka ghafla. Au maji hukutana na mwamba wenye chuma kingi, chuma kikainyakua ile salfa. Hapo ndipo dhahabu huachwa. Kwa hiyo tafuta ufa unapopinda au unapokutana na mwingine, na kwatzi yenye kutu. Ile nyeupe pee mimi huwa naipita.

MchangaMweusi: Mlima aachane nao kwanza, apande na kijito. Matawi mawili yakikutana, osha yote, fuata lenye chenga. Karai lijae kiasi kilekile kila mara, la sivyo hesabu ni bure. Chota nyuma ya mawe makubwa na juu ya mwamba mgumu ulio chini ya mchanga: dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, kwatzi haifiki hata mara tatu. Chenga zikikoma, umeshapita chimbuko. Hamia kwenye udongo wa miteremko. Chenga zako zina kingo kali?

Mtoa mada: Hapana, bapa na laini kabisa.

MchangaMweusi: Zimesafiri hizo. Huo mkanda huenda hauhusiki.

BabuKarai: Au zimesafiri zamani. Mlima ukiinuka, mto hukata chini na kuacha kokoto zake juu. Kwenye milima ya Sierra Nevada, California, Marekani, kokoto za mito ya kale ziko juu ya matuta, na zina dhahabu.

Mtoa mada: Mh! Kuna kokoto za mviringo ukingoni, juu kuliko maji yanapofika. Nilikuwa nazikanyaga tu. Kesho napanda na karai, sururu inabaki.