Siga za mkono: jani la kivulini, la juani au maduro? Ulinganisho kuanzia shambani

Jani_Pana
Wakuu, swali hili linarudi kila mara na majibu yanatawanyika. Anayenunua siga iliyosokotwa kwa mkono, yenye majani marefu ndani na si makapi, hukutana na rangi tatu: kahawia hafifu ya Connecticut (jimbo la Marekani) iliyokuzwa kivulini, kahawia yenye wekundu ya Habano iliyokuzwa juani, na nyeusi ya maduro. Wengi huchagua kwa kuamini kuwa nyeusi ndiyo kali. Naomba tulinganishe majani yenyewe: yanalimwaje, yanakaushwaje, yanachachushwaje, na yanaharibika wapi. Siga ina sehemu tatu, yaani ujazo wa ndani, jani la kufungia na jani la nje. Nauliza kuhusu la nje, ila sidhani tutaukwepa ujazo.

Bani_la_Mbao
Naanza na la kivulini. Mwaka 1900 wakulima wa Windsor, Connecticut, walianza kufunika mashamba kwa mahema ya kitambaa chepesi, kwa sababu jani jembamba la kisiwa cha Sumatra, Indonesia, lilikuwa linawanyang'anya soko. Siku hizi kitambaa ni cha nailoni. Kinapunguza jua na kuzuia unyevu usitoroke, kwa hiyo mmea unatandaza majani mapana na membamba ili ukusanye mwanga wa kutosha. Vishipa vinakuwa vyembamba, mafuta yanakuwa machache, na ladha inabaki laini: maziwa, nyasi kavu, pilipili kidogo mwishoni.

Majani huchumwa kuanzia chini kwenda juu, mawili au matatu kwa mkupuo, kisha unasubiri siku kadhaa ya juu yake yaive. Huwezi kuharakisha. Ukichuma pamoja jani la chini lililoiva na la juu lililo bichi, hayatakauka kwa mwendo mmoja.

Baada ya hapo yanatungwa kwenye uzi na kuning'inizwa banini, yaani kwenye ghala la mbao la kukaushia. Kukausha kwa hewa huchukua wiki sita hadi nane hivi, na hapo ndipo hasara nyingi hutokea. Jani likikauka haraka mno, ukijani hukwama ndani yake kabla chembe hai hazijamaliza kuuvunja, na hakuna uchachushaji utakaoutoa vizuri baadaye. Ladha inakuwa ya majani mabichi. Hewa ikiwa nzito na madirisha yamefungwa, linaoza kwenye uti. Msimamizi wa bani anafungua na kufunga madirisha kutwa kucha, na siku za mvua hukoka moto mdogo wa mkaa ili kuondoa unyevu.

Bei yake inatoka hapo: nguzo, kitambaa, mikono mingi, na ukweli kwamba jani lenye tundu moja tu haliwezi tena kuwa la nje. Linashushwa daraja, linakuwa la kufungia au linakatwakatwa.

Kilele
Kuhusu Habano, jina limebeba mambo mengi kuliko linavyoweza. Asili yake ni mbegu za Kuba, hasa zile za Vuelta Abajo katika Pinar del Río. Corojo, mbegu ya zamani ya huko, ilikuwa na ladha nzuri sana lakini haikuhimili ukungu wa buluu, ugonjwa wa majani ya tumbaku ambao uliangamiza sehemu kubwa ya mavuno ya Kuba msimu wa 1979 hadi 1980. Ndiyo maana siku hizi unasikia Habana 2000, Criollo 98 na Corojo 99: ni mbegu chotara zilizotafutwa ili zistahimili magonjwa.

Mmea wa juani hujikinga. Jani linanenepa, linatoa mafuta zaidi, na nikotini inapanda, hasa baada ya kukata ua la juu na kung'oa machipukizi ya pembeni ili chakula chote kirudi kwenye majani. Usipong'oa machipukizi, majani ya juu yanabaki madogo na mepesi. Kinywani unapata pilipili, ngozi iliyotengenezwa, mbao. Habano ya Nikaragua nayo haina ladha moja, inategemea eneo: tumbaku ya Estelí ni nzito na ya ardhini, ya Jalapa ina utamu na harufu nzuri zaidi, na ya kisiwa cha Ometepe ina ladha ya udongo wa volkano.

Mizani
Mkuu Kilele, ongeza tahadhari moja. "Habano ya Ekuado" si ya jua kali. Maeneo yake ya tumbaku hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya msimu, kwa hiyo mawingu ndiyo kitambaa. Mbegu ileile ya Connecticut ikipandwa kule inatoa jani laini bila hata nguzo moja, na Habano ya kule ina vishipa vyembamba kuliko ya Nikaragua. Kwenye lebo soma vitu viwili, mbegu na nchi. Kimoja peke yake hakikuambii kitu.

Rundo
Zamu ya maduro. Hii si mbegu wala si nchi, ni kiwango cha kupikwa. Yanayotumika zaidi ni Connecticut Broadleaf na jani la San Andrés, Veracruz, Meksiko. Yote mawili ni mazito, na lazima yawe hivyo, kwa sababu jani la kivulini lingechanika kabla halijafika weusi huo. Broadleaf haichumwi jani moja moja: shina zima hukatwa, linaachwa linyauke shambani, kisha linatungwa kwenye fito na kukaushwa na majani yake yote. Kazi ni chache kuliko ya kivulini, na ndiyo sababu maduro nzuri si lazima iwe ghali.

Uchachushaji wenyewe: majani yaliyonyunyiziwa maji hupangwa kwenye rundo kubwa, mashina yakielekea nje, na bomba lenye kipimajoto linachomekwa hadi katikati. Hakuna moto unaowashwa. Joto linatokana na majani yenyewe, uzito wa rundo na unyevu. Likifika kikomo, rundo linabomolewa na kujengwa upya: yaliyokuwa katikati yanakwenda nje, ya nje yanaingia ndani. Unarudia hadi joto ligome kupanda. Kuba huanza na mzunguko wa joto la chini, karibu nyuzi 35, kisha wa pili kama nyuzi 42. Majani ya maduro hupelekwa hadi nyuzi 60 hivi na hukaa miezi mingi zaidi. Amonia inatoka, nikotini inapungua kiasi, ukakasi unaisha na rangi inazama.

Makosa matatu. Rundo kavu halipati joto, unapoteza miezi bure. Rundo lenye maji mengi linaota kuvu na kunuka. Rundo lililoachwa lipite kikomo linatoa majani meusi yasiyonyumbuka, yenye ladha bapa kama karatasi, na haya yakizungushwa kwenye siga yanapasuka.

Wapo wanaofupisha njia kwa kupaka rangi. Sugua jani la nje kwa karatasi laini yenye unyevu. Doa hafifu la kahawia ni kawaida, mafuta ya jani huachia rangi. Karatasi ikigeuka nyeusi na midomo yako ikabaki na alama, shuku.

Ghala_Na3
Mnazunguka swali la ukali, na jibu lake liko ndani. Ukali unatokana zaidi na ujazo. Majani ya chini, volado, yanawaka vizuri na hayana nguvu. Yanayofuata, seko, yanabeba harufu. Juu yake kuna viso, na juu kabisa ligero, nene, lenye mafuta na nikotini, linalochachushwa na kuzeeshwa kuliko yote. Kwa kawaida halistahili kutumika kabla ya miaka 2 ghalani. Siga ya jani jeusi iliyojazwa seko tupu ni pole. Ya Connecticut iliyowekewa ligero mbili itakukalisha chini.

Ligero linawaka polepole, kwa hiyo msokotaji huliweka katikati kabisa na kulizungushia seko na volado. Likikaa pembeni, upande mmoja unabaki nyuma na siga inaungua mshazari hadi mwisho. Ukiona hivyo usililaumu jani la nje, wala kiberiti chako.

Anayetaka kulinganisha kwa haki atafute mchanganyiko mmoja unaouzwa ukiwa na majani mawili tofauti ya nje, urefu uleule, unene uleule. Achukue nyembamba. Unene hupimwa kwa sehemu ya 64 ya inchi, na ukitoka 38 kwenda 60 jani la nje linaongezeka mara 1.6 tu ilhali ujazo unaongezeka karibu mara 2.5. Kwenye siga nene jani la nje linamezwa.

Mgeni_Mpole
Nashukuru. Na kuzizeesha mwenyewe? Kati ya hizo tatu ipi inafaidika zaidi, na ipi ninunue nitumie mapema?

Mzee_wa_Unyevu
Tenganisha uzee wa aina mbili. Wa kwanza ni wa jani kwenye marobota kabla ya kusokotwa, na huo huwezi kuufanya nyumbani. Tumbaku isiyochachushwa vya kutosha haitaponywa na kasha lako la kuhifadhia siga. Ukakasi unaokwangua koo leo utakuwepo mwakani. Wa pili ni wa siga iliyokwisha sokotwa. Kiwandani hulazwa wiki au miezi kwenye chumba cha mwerezi ili majani yaliyoloweshwa wakati wa kusokota yasawazishe unyevu na amonia iliyobaki itoke. Ukinusa ncha ya siga mpya na pua ikachoma, iache ipumzike.

Kuhusu chaguo: Connecticut ya kivulini ina mafuta machache, kwa hiyo haina mengi ya kugeuka. Miaka michache na utamu wake unafifia, itumie mapema. Habano yenye ligero ndani ndiyo inayolipa subira, pilipili inatulia na mbao zinajitokeza. Maduro iko katikati: imekwisha pikwa sana, kwa hiyo inalainika tu.

Hifadhi kwenye nyuzi 18 hadi 21 na unyevu wa asilimia 65 hadi 69. Maduro naishusha hadi 62 au 65, kwa kuwa jani nene lenye mafuta likiwa na unyevu mwingi linazimika kila mara. Connecticut inataka utulivu kuliko namba: unyevu ukiruka kutoka 60 hadi 72, ujazo unavimba haraka kuliko jani la nje linavyoweza kunyumbuka, nalo linapasuka kwa urefu. Jani la nje la Kameruni nalo hupasuka kirahisi vilevile.

Usiamini kipima unyevu kilichotoka dukani. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji hadi iwe uji mzito isiyeyuke, ifungie na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Baada ya saa 24 kisome: jibu sahihi ni 75. Kikisema 71, ongeza 4 kwenye kila usomaji.

Mizani
Kwa anayezeesha, usisahau mbawakawa wa tumbaku. Mayai yanaweza kuwa ndani ya jani na kubaki kimya hadi joto lipite nyuzi 24 hivi. Kisha utaona matundu ya duara, kama ya sindano nene. Ukiyaona, fungia siga zote kwenye mifuko miwili, ziweke friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 3 au zaidi, zihamishie jokofuni siku 1, ndipo zirudi kwenye kasha. Ukizitoa friza na kuziweka moja kwa moja kwenye joto la chumba, majani ya nje yatapasuka.

Na kwa aliye mgeni: moshi wa siga una ualkali, nikotini inapita kwenye utando wa mdomo bila kufika mapafuni. Kutovuta ndani hakuondoi hatari ya saratani ya mdomo na koo.

Mgeni_Mpole
Swali la mwisho. Maduro zangu mbili zina vumbi jeupe juu. Nimesoma mahali kuwa ni mafuta yaliyoganda, dalili ya ubora.

Rundo
Chukulia kuwa ni kuvu hadi ithibitike vinginevyo. Likiwa na manyoya, limekaa kwa madoa, au lina rangi ya kijani au buluu, halina mjadala. Angalia ncha inayowashwa: kuvu likiwa limeingia kwenye ujazo, tupa. Likiwa juu ya jani la nje tu, zitenge na nyingine, futa kasha, na shusha unyevu hadi 65 kabla hujarudisha chochote.