Mdogo wangu anataka ufundi magari. Huko Arusha kazi bado ipo?

Bodaboda_Majengo (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne. Mzee anataka aende advansi, mwenyewe hataki kusikia, kang'ang'ania ufundi magari. Mimi nilikaa gereji miaka 3 nikimwaga oili na kusukuma magari, nikaambulia hela ya chapati. Cheti sina, nikahamia bodaboda. Sasa nimpeleke chuo cha ufundi VETA au nimtafutie fundi amshike mkono?

FundiSpringi
Pole kwa hizo chapati, wote tumezila. Nipo gereji hapa Unga Limited, Arusha, mwaka wa 19 huu. Kazi ipo, ila ina msimu. Juni mpaka Oktoba Land Cruiser inarudi toka Serengeti saa nne usiku, na saa kumi na mbili asubuhi inasubiriwa na wageni wengine. Zile rasta, vituta vidogo vidogo vya barabara ya vumbi, zinamaliza shokapu na bushi, springi ndiyo usiseme. Juzi nimefungua moja imekatika katikati. Dereva kaibana na gogo na mpira wa tyubu toka geti la Naabi, Serengeti, mpaka hapa. Nimemvulia kofia.

Masika wageni wanapungua, ndipo injini zinashushwa. Ila kampuni kubwa zina mafundi wao wa ajira, sisi wa mtaani tunaokota yanayobaki.

Asikimbilie kufungua nati tu. Wa nati hapa wapo kumi chini ya mwarobaini. Fundi umeme namsubiri siku mbili, na akija anapanga bei yeye. Tena magari ya safari yaliyotolewa dizeli yakawekwa betri yameshaingia mbugani. Hayana nozeli, hayana oili ya injini. Springi inakatika vilevile, ashukuriwe Mungu.

DadaFriji
Na friji je? Kila mtu magari, magari. Mashamba ya maua huku Usa River yana vyumba vya baridi, kompresa ikigoma usiku hawaulizi bei, wanauliza uko wapi. Wa kike darasani tulikuwa wawili. Simu yangu haizimwi.

Bodaboda_Majengo
Asante dada, nitamwambia. Mkuu Springi, kwa hiyo VETA kwanza?

FundiSpringi
VETA, achukue umeme wa magari, likizo aje kwangu ashike spana. Na wewe hiyo miaka 3 umeizika ya nini? VETA wana urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa ulichojifunzia mtaani, ukifaulu unapewa cheti.

Bodaboda_Majengo
Mkuu, mikono imeshasahau.

FundiSpringi
Hiyo pikipiki yako nani anaifungua ikizingua?

Bodaboda_Majengo
Mimi mwenyewe. Na za kijiwe kizima 😅

FundiSpringi
Jumamosi panda basi na mdogo wako. Njooni na nguo za kuchafua, wote wawili.